Seva, Wingu na Mlango wa Kutokea

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu ndiye anayeandika kumbukumbu za vikao vyetu, na katika kumbukumbu zake mimi nina kitenzi kimoja tu: alipinga. Yeye alishauri, yeye alifafanua, yeye alipendekeza. Mimi alipinga. Basi msimu huu nitaandika na mimi kwa mkono wangu, ili siku pakizuka ubishi wa nani alisema nini, pawe na karatasi mbili.

Cha leo ni hiki. Mkuu wa ununuzi wa hospitali ya macho alikuja mwenyewe karakanani. Kiti alipewa, akakiacha, akakaa juu ya boksi la lenzi zilizofika asubuhi. Nikamwambia, kaka, hapo umekalia mishahara ya watu, akahama. Hospitali yake inatupa nusu ya kazi yetu: wao wanapima macho na kutuletea namba, sisi tunasaga lenzi, tunazitia kwenye fremu na kuwarudishia miwani. Alisema mwaka jana karakana nyingine waliyoitumia iliingiwa na maji, kompyuta zikalowa, namba zote za wagonjwa zikapotea. Wakaita watu kwa mamia kuja kupimwa upya.

"Wengine walikuwa wameshasafiri, mama. Hatutarudia."

Kwa hiyo mkataba wetu unaisha mwisho wa Mei, na kabla ya hapo wanataka taarifa zao ziwe na nakala nje ya jengo hili, na wao waweze kuzifuatilia oda zao kwa mtandao. La sivyo watatafuta wengine.

"Tutahamia kwenye wingu, tukodi nafasi kwenye kompyuta za mtandaoni," mdogo wangu akasema, mgeni hata soda hajaimaliza.

"Tuna seva yetu," nikasema mimi.

Ataandika alipinga.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Umeme ulikatika mara mbili. Betri zilibeba, seva haikujua lolote.

Jumamosi, 8 Machi

Wafanyakazi wameondoka mchana, nimebaki kupiga deki chumba cha seva. Hakipigwi deki na mtu mwingine. Zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Sasa kina kiyoyozi, rafu ya chuma niliyoichomelesha mtaa wa pili, na seva niliyoipata kwa mnada, ofisi fulani ilipofungwa. Ndani yake kuna namba za macho ya watu elfu arobaini na ushee, wa hospitali na wa maduka madogo kumi na saba ya miwani yanayotutegemea. Kila kazi inaanzia humo. Seva inaiambia mashine ikate nini, mashine inakata.

Nilipotoka kwa mume wangu nilitoka na mashine moja ya kusaga lenzi kwa mkono, nimeifunga kwenye shuka. Vingine vyote vilivyomo humu nimevinunua baada ya siku ile. Anayetaka nivihamishie mahali nisipopajua, niwe nalipa kodi kila mwezi kwa mali yangu mwenyewe, ajue anaongea na mtu aliyeishi miaka kumi na miwili kwenye nyumba ya mtu. Najua kodi ya namna hiyo inalipwaje.

Na nina utaratibu wangu. Kuna mfanyakazi aliwahi kunakili orodha ya wateja akaenda nayo kwa washindani. Tangu hapo niliamuru: ufunguo wa chumba cha seva ukae kiunoni kwangu, neno la siri la seva likae kichwani kwa Waya. Waya ni fundi wetu wa kompyuta, haji kila siku, na jina alipewa na wenzake kwa sababu hakosi kipande cha waya mfukoni. Mimi siwezi kuingia kwenye seva bila yeye, yeye hawezi kuingia chumbani bila mimi. Mdogo wangu alishawahi kusema utaratibu huu una kasoro. Sijaona utaratibu wangu ambao yeye hakuuona na kasoro.

Ijumaa, 14 Machi

Tumepiga hesabu, mimi na yeye, meza moja, kalamu mbili.

Wingu ni laki tatu na elfu kumi kwa mwezi. Kwa mwaka, milioni tatu na laki saba na ishirini. Seva yangu: umeme wa kiyoyozi elfu tisini, Waya elfu themanini, jumla kwa mwaka milioni mbili na elfu arobaini. Nikaweka kalamu chini.

"Betri je, dada?"

Betri zinakwisha kila baada ya miaka miwili, milioni na laki mbili. Akaongeza laki sita kwa mwaka. Akaongeza diski, laki tatu na nusu. Nikafika milioni mbili na laki tisa na tisini, nami nikaanza kumwongezea za kwake. Intaneti ikikatika karakana inalala? Basi lipia laini ya pili, elfu sitini kwa mwezi. Akafika milioni nne na laki nne na arobaini.

"Bado ya kwangu ni nafuu kwa milioni moja na laki nne na nusu," nikamwambia.

"Kama hakuna kitakachoharibika."

"Miaka yote hii kimeharibika nini?"

Ya betri alisema kweli, lakini. Naandika humu, sitamwambia.

Jumatano, 19 Machi

Kutoka kampuni ya wingu nilitegemea kijana mwenye tai. Akaja dada mmoja wa makamo, mfupi, viatu vinatoa maji kila hatua. Karakana nzima imeshambatiza: Dada Wingu.

"Kanyaga hapo kwenye gunia," nikamwambia.

"Asante, mama. Barabara yenu imekuwa mto."

"Mto huo umetoka kwenye wingu, huko huko wanakotaka kunihamishia seva."

Akafungua kompyuta yake, akaeleza. Anaeleza vizuri, hana madoido. Mdogo wangu alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliye kwenye mahubiri. Nikamwacha mgeni amalize.

"Nina swali moja tu. Nikitaka kutoka, natokaje?"

"Kutoka wapi, mama?"

"Kwenu. Miaka miwili imepita, mmenipandishia bei, au mmenichosha, au nimewachosha. Nachukua vyangu naondoka. Nionyeshe mlango."

Akaitazama kompyuta kama mlango uko humo ndani.

"Wateja huwa hawaulizi hilo."

"Hata mimi nilipoolewa sikuuliza."

Mama Mapacha, msimamizi wa mashine yetu ya kukata, alicheka mpaka akaweka trei chini. Mdogo wangu akainamia karatasi zake.

"Sijui," Dada Wingu akasema. "Niruhusu nikaulize, nitarudi."

Nilijua atanidanganya. Hakunidanganya. Na hilo naliandika.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Mtaro wa nje umejaa takataka za mtaa mzima. Nimeuzibua mwenyewe, wanaume wawili wamesimama wananipa maelekezo.

Jumatano, 2 Aprili

Dada Wingu amerudi na jibu, na amelitoa bila kulipaka mafuta. Mkataba wao ni wa miaka miwili. Ukiuvunja unalipa miezi yote iliyobaki. Taarifa ni zako na unaweza kuzitoa, ila unalipia kwa ukubwa wake, na zinatoka kwa mpangilio wa kwao. Kuziingiza kwenye mfumo mwingine utajitafutia mtu.

"Kwa maneno mengine, mlango upo ila una ngazi ya kwenda chini," nikasema.

"Ndivyo ulivyo, mama."

Nikamsindikiza mpaka getini kwa mwavuli wangu. Mtu mkweli anastahili mwavuli.

Waya alikuwepo akibadilisha kebo, masikio yako kwetu. Nilipopita akaniambia, "Bosi, hao ni wenye nyumba. Hapa uko kwako."

"Kuku wangu mwenyewe, manati ya nini," nikamjibu, na kwa sauti, ili mdogo wangu asikie.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumegombana. Si kwa kalamu.

"Dada, wiki saba zimebaki."

"Kuhesabu najua."

"Hospitali ikiondoka, watu watano kati ya kumi na mmoja wanakwenda nyumbani. Nitajie ni akina nani. Wewe ndiye uliyewaajiri."

Nikavuta trei za siku nikaanza kuzipanga.

"Wewe hukatai wingu," akaendelea. "Unakataa kuambiwa."

"Niambiwe na nani? Na wewe niliyekulipia ada?"

"Ulilipa, nikasoma. Sasa hutaki nilichosoma. Ungenunua ng'ombe basi."

Akasema hospitali ikitutoka, yeye atachukua theluthi yake ya kampuni aende zake. Nikamwambia aanze kuipima sasa hivi, futi iko kwenye droo. Nikatoka.

Nyumbani nilimsimulia Mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wako ana ulimi."

"Anao."

"Sijui ameutoa wapi. Baba yenu alikuwa mpole." Kisha akanitazama mpaka nikamaliza chai yangu.

Ijumaa, 11 Aprili

Radi ilipiga asubuhi, kazi imekolea. Taa zikazima, zikawaka, zikazima. Mashine ikasimama katikati ya lenzi. Betri nazo zikalia mara moja zikanyamaza, kwa kuwa radi ilipitia kwazo kwanza. Tukawasha jenereta, taa zikarudi, mashine ikarudi, ila mashine ikawa inauliza kazi na hakuna anayeijibu.

Nikachomoa ufunguo kiunoni. Nikafungua mlango wangu mwenyewe, nikaingia chumba changu mwenyewe, nikasimama mbele ya seva yangu mwenyewe, nayo ikaniuliza neno la siri.

Nilimpigia Waya. Simu imezimwa. Nikapiga tena na tena. Mama Mapacha akapiga, mdogo wangu akapiga, hata mlinzi wa getini akapiga kwa simu yake, kana kwamba Waya alikuwa anachagua namba za kupokea.

Tukarudi mezani. Trei zilizokwisha kuchapishiwa karatasi za namba zilikuwa za kutosha asubuhi ile tu. Mama Mapacha akanitazama, nikamtazama, tukaenda kuitoa ile mashine ya mkono chini ya turubai. Mikono haikusahau. Nilisaga mpaka mabega yakawaka moto, na kufikia alasiri karatasi zikaisha. Zilizobaki zote zilikuwa ndani ya seva. Hospitali ilikuwa na wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, walioahidiwa miwani Jumatatu.

"Nakala ya akiba iko wapi?" mdogo wangu akauliza.

Nikamwonyesha. Diski iko juu ya seva, nayo imefungwa kwa neno lilelile.

"Mgonjwa na mrithi wake kitanda kimoja," akasema.

Nilikaa siku nzima nikingoja aseme nilikwambia. Hakusema. Aliwapigia simu wateja mmoja mmoja kuwaomba radhi, na kila alipoulizwa kulikoni alijibu, "Radi, mama," "Radi, mzee." Hakumtaja dada yake hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 12 Aprili

Waya amepiga mwenyewe asubuhi.

"Bosi, niko safarini, nimepata kazi ya siku chache huku. Nitarudi katikati ya wiki."

"Radi imeingia. Nipe neno la siri."

"Hilo si la kwenye simu."

"Waya, kuna watu wanasubiri macho yao."

Kwake pia ilikuwa inanyesha, naisikia kwenye bati.

"Bosi, nikikupa leo, kesho mimi ni nani kwako?"

"Unaniuliza nini?"

"Miaka tisa nalipwa elfu themanini. Umeme ulipanda, ukaongeza pesa ya umeme. Mimi hujaniongeza hata ya sabuni. Sasa Dada Wingu kaja mara mbili, wote mnamfurahia. Wewe ulimuuliza utatokaje. Nilikuwepo alipokujibu. Na mimi je, bosi? Wingu likija, mimi natokaje?"

Nikamkatia simu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeliandika hili kwanza kwa sababu ndilo lililokuwa la kwanza kichwani, na nililizungusha kichwani asubuhi yote huku nikisafisha meza ambazo hazikuwa chafu. Mtu nimemweka miaka tisa. Mtu aliyesimama mlangoni kwangu akaniambia hapa uko kwako, na funguo anazo yeye. Kumbe nimekuwa mpangaji wa mtu anayelipwa elfu themanini, na mkataba nimejitungia mwenyewe nikauita utaratibu.

Halafu hasira ikapungua kidogo, ikabaki hesabu. Themanini. Mwezi uliopita niliiandika kwenye karatasi ya gharama, pale pale katikati ya kiyoyozi na betri, mkono wangu haukusita. Mdogo wangu alikagua kila tarakimu ile siku, na hiyo moja hakuna kati yetu aliyeuliza kama inamtosha mtu.

Mdogo wangu akasema tumlipe anachotaka, tufungue, tuongee baadaye.

"Hapana. Nikilinunua mara moja, nitalinunua kila radi."

"Dada, si wakati wa—"

"Kaa. Chukua kalamu yako. Leo utaandika nitakayosema."

Nikampigia Waya.

"Sikiliza, mwanangu. Neno la siri silinunui, ni langu. Ukininyima nitaleta fundi mwingine aivunje. Atachukua wiki mbili, hospitali itaniacha, lakini nitafungua. Hilo la kwanza. La pili, kuhusu themanini umesema kweli, na mimi mtu akisema kweli simzungushi. Njoo Jumatatu. Utafungua, utawafundisha watu wawili kila unachokijua, na tukihama utasimamia kuhama. Kila siku utakayofanya kazi nitakulipa bei ninayomlipa fundi wa nje. Ukimaliza, utapokea malipo ya miezi sita na barua nzuri. Mlango wako ni huo, nakuonyesha kabla hujaingia."

Mvua ya kwake ikaendelea kugonga bati.

"Kuna mtu anaandika?"

"Mdogo wangu anaandika."

"Mwambie aandike na nauli."

Nimeandika na nauli.

Jumatatu, 14 Aprili

Waya alifika na tope mpaka magotini. Salamu zetu zilikuwa fupi. Alifungua seva kabla ya chai. Hakuna namba iliyopotea. Neno la siri sasa linajulikana kwa watu watatu, na ufunguo umetundikwa ofisini kwenye msumari. Miwani ya upasuaji imetoka jioni. Nimeipeleka mwenyewe hospitalini, na mkuu wa ununuzi alinipokea kwa uso wa kutafuta karakana nyingine.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Kiuno changu kimekuwa chepesi, napapasa ufunguo haupo.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwita Dada Wingu. Mdogo wangu alikuja na uso wa ushindi, akauficha haraka, akijua ukionekana sana naweza kughairi.

"Nitahamia," nikasema, "ila kwa masharti. Kwanza, mwezi kwa mwezi. Miaka miwili sitii sahihi. Pili, kompyuta inayoiongoza mashine inabaki hapa, na kazi za siku mbili zilale humo. Mtandao ukikatika tunasaga. Tatu, kila Ijumaa mnanipa nakala nzima kwenye diski, kwa mpangilio ambao mtu yeyote anaweza kuufungua. Diski italala kwa mdogo wangu."

"Na la nne?" Dada Wingu akauliza. Ameshaanza kunijua.

"Kabla sijahamia, nataka mazoezi ya kuhama. Tuingize namba zote kwenu, kisha tuzitoe zote, tuzirudishe kwenye seva hii, tuone kama bado ni zile zile. Nikiona nimetoka salama, ndipo niingie."

"Dada," mdogo wangu akasema taratibu, "hakuna anayejaribu talaka kabla ya ndoa."

"Ndiyo maana wengi wanakaa."

Dada Wingu hakucheka. Aliyaandika yote manne.

Jumatano, 30 Aprili

Bosi wa Dada Wingu amekataa. Anasema hawajawahi kufanya kitu kama hicho kwa mteja mdogo. Nikamtuma amwambie mteja mdogo anashukuru, na kwamba kampuni za mawingu ziko nyingi, msimu wenyewe huu.

Jumatatu, 5 Mei

Bosi wake amekubali. Mwezi mmoja wa majaribio, na la nne limo. Bei ya mwezi kwa mwezi imepanda kwa elfu sitini. Nimeitazama ile sitini mara mbili nikaipitisha. Ndiyo bei ya mlango.

Ijumaa, 9 Mei

Mazoezi ya kuhama. Waya kwenye seva, Dada Wingu kwenye kompyuta yake, mdogo wangu katikati, mimi nyuma yao nikiwapumulia shingoni. Kuingiza kulikwenda vizuri. Kutoa kulichukua nusu siku, nako kukaenda vizuri, na hesabu ya majina ikalingana, hakuna hata mtu mmoja aliyepungua. Dada Wingu akapumua. Waya akajinyoosha. Mimi mwenyewe nilikuwa naelekea kuagiza chai.

Mdogo wangu akatafuta jina lake. Kila mfumo mpya, yeye hutafuta jina lake kwanza. Amevaa miwani tangu darasa la nne, haoni mbali hata mkono wake mwenyewe.

"Dada, wamenifanya kikongwe."

Tukasogea. Namba yake ni kutoa nne. Pale ilikuwa nne tupu. Asiyeona mbali hupewa lenzi ya kutoa, na asiyeona karibu hupewa ya kujumlisha. Ondoa kile kistari kidogo, mashine itamkatia lenzi ya kinyume kabisa. Tukafungua jina la pili, la tatu, la ishirini. Vistari vyote vimebaki huko huko kwenye wingu. Nusu ya watu elfu arobaini wangevaa miwani ya kuwatoa machozi.

Dada Wingu alikaa chini.

"Tungehama bila kujaribu," akasema, "hili lingeonekana siku mnayotoka."

"Siku hiyo wewe ungekuwa umeshahamia kampuni nyingine," nikamwambia, si kwa ubaya.

Mdogo wangu alivua miwani akaipangusa, na nikaona uso wake bila kioo, ule wa utotoni, nikiwa nampeleka shule na kumsomea ubao. Miaka yote hii nimekuwa nikimwona kama mtu niliyemlipia. Leo ndiye aliyeona.

"Umefanya kazi," nikamwambia.

"Niandike hilo kwenye kumbukumbu?"

"Usizoee."

Ijumaa, 16 Mei

Mazoezi ya pili. Tumeingia, tumetoka, kila kistari mahali pake. Tumekagua majina mia tatu kwa macho, tukipokezana. Alasiri nimetia sahihi, mwezi kwa mwezi. Waya amemaliza, amepokea malipo yake ya miezi sita na barua, akaisoma yote akiwa amesimama. Akauliza kama tunaweza kumwita kwa siku. Nikamwambia atume bei. Akatuma kabla hajafika getini, na si ndogo. Nimeikubali.

Jumatano, 21 Mei

Mtandao ulikatika kutwa, laini zote mbili. Mashine haikusimama.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekatika wiki nzima, ukuta wa nje umeanza kukauka.

Mkuu wa ununuzi alikuja na kutembezwa kila mahali. Akafuatilia oda zake kwa simu, akaona miwani ya mgonjwa wake iko trei ya ngapi. Akafurahi. Akakaa kwenye kiti, safari hii bila kuambiwa.

"Mmefanya vizuri, na nina habari nzuri zaidi. Hospitali itawalipia wingu lote. Mtaingia kwenye akaunti yetu, sisi tunalipa, nyinyi mnafanya kazi tu. Mkataba wa miaka miwili."

Nilipiga hesabu palepale, ni ugonjwa wangu. Kwa mwaka, na ile sitini ya mlango, ni zaidi ya milioni nne zinabaki mfukoni. Miaka miwili ya hospitali, wafanyakazi wote kumi na mmoja mahali pao. Nikafungua mdomo.

"Na yale maduka kumi na saba," mdogo wangu akasema, "taarifa za wateja wao zitakuwa kwenye akaunti ya nani?"

"Ya kwetu. Ni mfumo mmoja, haugawiki."

"Mnafungua duka lenu la miwani lini?"

Mkuu wa ununuzi akamtazama. Sikujua kuhusu duka. Mdogo wangu alijua, sijui kutoka wapi, ndiyo kazi yake kujua.

"Julai," akasema.

"Basi hapana."

Lilikuwa neno langu. Nilikuwa nalo mdomoni, limeiva, na mtoto yule akalichukua akalisema kabla yangu, kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Nilichobaki nacho ni kutikisa kichwa.

"Mama?" mkuu akanigeukia. "Hii ni milioni nyingi."

"Nimeshazihesabu. Za wagonjwa wako ni zako. Nakala yako hii hapa, ichukue leo ukitaka. Za maduka hawakunipa ili nikupe wewe."

Akakunja karatasi ya miaka miwili. Akatoa nyingine, alikuwa nayo tayari, watu wa ununuzi ndivyo walivyo. Miezi sita. Baada ya hapo watapima. Nikasoma mistari yote, mdogo wangu akasoma mistari yote, tukatia sahihi.

Alipoondoka tukabaki wawili ofisini. Upande wa pili Mama Mapacha alikuwa anamgombeza mtu kwa lenzi iliyopasuka.

"Miezi sita, dada," mdogo wangu akasema. "Wakishafungua duka lao watatuacha. Unajua hilo."

"Najua. Mimi nilianza na chakula cha siku tatu na mashine ya mkono."

"Kwa hiyo tunafanya nini?"

"Leta orodha ya maduka yote madogo ya mji huu ambayo hospitali itayachukulia wateja Julai. Jumatatu unaanza upande wa juu, mimi naanza upande wa sokoni, na kila tutakayeingia kwake tumweleze jinsi ya kutoka kwetu kabla hatujamweleza bei."

Akachukua funguo za gari. Nikamwambia leo ni Ijumaa. Akasema maduka yanafungwa jioni, bado zimebaki saa tatu nzima. Tukaenda.